Jani Kavu Si Najisi

Sisi watu wa pwani tumelelewa tukiamini kwamba ua usiofagiwa ni aibu ya mwenye nyumba. Marehemu nyanya yangu, kwetu Mvita, hakukubali jua lipande na jani moja limelala uani mwake. Nilipohamia Umoja, huku Eastlands ya Nairobi, nilikuja na ufagio wangu wa chelewa na itikadi hiyo hiyo.

Nyumba za Umoja zilipojengwa miaka ya 1970 ziliachiwa viwanja vidogo vya kuongezea vyumba, na leo wengi wamekwisha kupandisha maghorofa juu yake. Mimi nilibakiwa na kipande nyuma ya jiko, nikapanda migomba mitatu. Kila asubuhi nikifagia mashinani mpaka udongo ung'are; jioni nikiyachoma majani makavu.

Jirani yangu, mama mmoja mwenyeji wa Kisii, naye ana migomba. Yake ilizungukwa na majani makavu, vipande vya magogo ya mgomba na maganda ya mahindi. Siku moja nikamwambia, "Mama, uchafu huu utatuletea panya." Akacheka. "Mzee, hicho unachochoma ndicho chakula chake."

Sikumsikiliza. Kiangazi kikaingia. Maji ya mfereji yakawa hutujia kwa zamu, na udongo wetu huu mweusi, ambao ukikauka hupasuka, ukafanya nyufa za kuingia vidole. Mgomba wangu uliokuwa na mkungu ukaanguka kabla ndizi hazijakomaa. Ya yule mama ilisimama.

Waama, sababu yake si fumbo. Mizizi mingi ya mgomba haiendi mbali chini. Hukaa karibu na uso wa ardhi. Ukiuacha udongo uchi, jua huikausha mizizi hiyo, na nyufa huikata. Matandazo huzuia yote mawili, na yakioza huwa mboji.

Lakini si kila kitu chafaa kutandazwa. Maranda na unga wa mbao hupatikana tele kwa maseremala, ila ukiuchanganya unga huo na udongo, katika kuoza kwake huinyang'anya mimea naitrojeni. Utandaze juu tu, tena kidogo, na uikatae mbao iliyotiwa dawa. Takataka za sokoni Mutindwa ni njema, maadamu umeziondoa plastiki. Majani mabichi ya kabichi yasirundikwe, yatanuka na kuita nzi. Nyasi zikatwe kabla hazijatoa mbegu, zikaushwe kwanza. Wahaya wa Bukoba tangu zamani walikuwa wakibeba nyasi za mbugani, waziitazo rweya, kwenda kutandaza katika vibanja vyao vya migomba, na Bukoba haihitaji kufunzwa ndizi.

Hata hivyo, nionavyo mimi, tandazo bora kwa mwenye ua mdogo ni lile asilonunua: majani makavu ya mgomba wenyewe na gogo lake baada ya kukatwa mkungu, likipasuliwa vipande likauke. Humo mna potasiamu ambayo mgomba uliichota ardhini, nawe unairudisha. Ila mgomba uliopatwa na mnyauko usiutandaze kabisa, utaeneza maradhi.

Tandaza unene wa nusu shibiri, na uache nafasi ya karibu dhiraa moja kutoka shinani. Fukusi wa migomba hupenda unyevu, na hutaga mayai yake hapo hapo chini ya shina. Kwa nafasi hiyo tu, ufagio wangu bado una kazi.

Najua wako watakaosema kwamba nimeacha adabu ya kwetu. La. Dini yetu imetuamrisha tahara, na tahara ni kuepukana na najisi. Jani kavu si najisi. Moshi niliokuwa nikimpelekea jirani, ukaingia katika nguo alizozianika, ndio uliokuwa uchafu, nami nikiufanya kwa jina la usafi. Nilikwenda nikamtaka radhi, akanipa chipukizi mbili.

Mwenye rai kinyume na hii na ailete. Ila kwanza atazame mashina ya migomba yake.