Hesabu za Ndege Zilizoangushwa

Wenzetu hubishana sana bwenini juu ya vita vya ndege, kila mtu na hesabu yake. Rai yangu ni kwamba mwenye kupigana asiulizwe ameangusha ngapi, bali amepoteza ngapi.

Tarehe 15 Septemba 1940 Waingereza walitangaza kuwa wameangusha ndege 185 za Wajerumani. Baada ya vita, madaftari ya Wajerumani wenyewe yalionyesha kama 60 tu. Marubani hawakuwa waongo. Ndege moja hupigwa na watatu, na kila mmoja arudipo huiandikisha kuwa yake. Nyingine hutoka moshi, ikajificha mawinguni, ikafika kwao salama. Lakini karani wa kikosi hana budi kujua ipi haikurudi, kwani ataomba nyingine, na rubani aliyekufa ana mshahara na jamaa wa kupelekewa barua.

Basi daftari la hasara huaminika kwa wale walioandikwa tu. Mji wetu wa Lushoto, ulioitwa Wilhelmstal, ulitekwa na Waingereza Juni 1916. Wapagazi wao waliokufa katika vita ile, hesabu ya serikali yapita 40,000. Wataalamu wengine hukadiria 100,000. Upande wa Wajerumani wengi walikamatwa vijijini wakabebeshwa mizigo, na majina yao hayakuandikwa popote.

Mlalo, Bumbuli na Soni wapo wazee waliosimuliwa na baba zao nani alichukuliwa na hakurudi. Likizo ijayo twende na madaftari yetu tukawaulize.