Joto la panya halimo kwenye hita

ZIZINI NA SEBULENI: safu ya kila Jumamosi ya Dkt. Zainabu Mkumbukwa

Uingereza kaskazini katikati ya majira ya baridi jua linazama kabla hata ya saa kumi jioni. Nyumba nyingi zinawasha boila asubuhi na jioni tu, maana gesi ilipanda bei 2022 na bili hazina huruma. Usiku wa manane nyumba inapoa, na hapo ndipo wafugaji wa panya wanapokosa usingizi. Naam, panya. Binti wa dada yangu, muuguzi huko Leeds, anao watatu, wote majike: Pilau, Mchuzi na Kachumbari. Juzi kanipigia simu.

"Shikamoo mama mdogo. Hivi hawa wataiweza baridi hii? Nimeona hita ndogo ya umeme, ya kuweka kizimbani. Niinunue?"

Nikamwambia asinunue.

Wapo watakaocheka, kwa kuwa kwetu panya ni wa mtego na sumu. Wacheke, ila siku moja wapite Morogoro. Pale SUA, chuo kikuu cha kilimo, shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu, na wanapofanya kazi juani hupakwa losheni ya kukinga jua masikioni na mkiani. Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipelekwa Kambodia 2016 kutafuta mabomu, na 2020 shirika la hisani la Uingereza, PDSA, likamvika medali ya dhahabu ambayo hakuna panya mwingine aliyewahi kuipata kabla yake. Kwa hiyo kumtunza panya si wazimu wa Wazungu peke yao. Pilau na wenzake ni jamii nyingine, panya wa kahawia, ambao Waingereza wamewafuga kama vipenzi tangu enzi za Malkia Victoria. Hata chama chao cha wafugaji wanacho, tangu 1976.

Sasa baridi. Mwili wa panya una joto kama wetu, nyuzi 37 na ushei, lakini kwa udogo wake linamtoka haraka. Wakati wa joto hatoi jasho la maana, wala hahemi kama mbwa. Kazi kubwa imeachiwa mkia, usio na manyoya ya kuufunika lakini uliojaa mishipa ya damu. Panya akipata joto mishipa hutanuka na joto likatokea huko. Akisikia baridi, mishipa hujifinya.

Nilimwambia mwanangu amshike mkia Kachumbari, aliyekuwa ametoka kulala kwenye rundo la wenzake. "Wa vuguvugu," akasema. Nikamwambia amwache atembee sebuleni kidogo, kisha ashike tena. "Mama mdogo, umekuwa kama wa maiti!" Vizuri, mwili unafanya kazi yake. Mkia wa baridi haunitishi. Kinachonitisha ni panya aliyejikunja peke yake pembeni, manyoya yamesimama, tumbo limepoa na chakula hakitaki.

Kuhusu hita, panya hutafuna. Meno yake ya mbele hayaachi kukua maisha yote, na waya wa umeme kwake ni kama muwa kwa mtoto. Chupa ya mpira ya maji ya moto nayo ataitoboa, na asubuhi utakuta kizimba kizima kimelowa, jambo baya kuliko baridi yenyewe. Tena hita ikizidi, hana pa kukimbilia. Joto likipita nyuzi 30 panya anaanza kuteseka, na wapo wanaokufa. Watu wanasahau kwamba mnyama huyu anaiweza baridi ya kiasi kuliko anavyoliweza joto kali. Shirika la Afya Duniani linataka nyumba ya binadamu isishuke chini ya nyuzi 18. Panya mwenye wenzake na kiota kizuri, hizo zinamtosha.

Nasema mwenye wenzake. Panya watatu wakilala wamebanana, aliye nje hujipenyeza katikati, mwingine akasukumwa pembeni, na mzunguko huo unaendelea usiku kucha. Hakuna kifaa dukani kinachoweza kufanya hivyo. Wewe wape vya kujengea: karatasi iliyochanwachanwa, boksi lenye tundu moja la kuingilia, mguu wa suruali kuukuu ulioshonwa ukaning'inizwa kama machela. Taulo usiwape, nyuzi zake hunasa kucha. Zile pamba laini zinazouzwa kwa jina la matandiko ndiyo kabisa, hujiviringisha miguuni, na zikimezwa huziba utumbo. Maranda ya mwerezi yananukia vizuri puani mwako, lakini mafuta yake huwasha mapafu ya panya.

Mapafu ndiyo ugomvi wangu mkubwa na wafugaji wa huko. Karibu kila panya wa kufugwa anabeba kifuani bakteria aitwaye Mycoplasma pulmonis, ambaye anaweza kutulia miezi na miezi bila kumdhuru. Ikiingia baridi, mfugaji mwenye huruma anafunga madirisha yote, anakifunika kizimba kwa blanketi pande zote nne, halafu kwa kuwa maji ya bomba yanauma vidole, anaahirisha kuosha. Mkojo unalundikana, unatoa amonia, na amonia ile inakwangua njia ya hewa mpaka bakteria aliyekuwa amelala anaamka. Panya anaanza kupiga chafya mfululizo, kifua kinakoroma, machoni na puani yanamtoka majimaji mekundu. Mekundu yale si damu, yanatoka kwenye tezi nyuma ya jicho, lakini ni dalili kwamba mnyama hayuko sawa. Na mwenyewe anasema: "Kapigwa na baridi." Baridi gani? Kapigwa na blanketi.

Kwa hiyo funika pande tatu, wa mbele uache wazi. Kizimba kiinuliwe kutoka sakafuni, kisikae mkabala na mlango wala ubavuni mwa redieta. Dirisha lifunguliwe kidogo kila siku hata kama nje kuna theluji. Kona wanayokojolea isafishwe kila siku, mikono iume isiume.

Chakula hakina makuu. Kwenye baridi watakula zaidi, waongezewe nafaka, si karanga na mbegu za alizeti kila saa.

Mzee ndiye ninayemlegezea masharti. Panya akipita miaka miwili miguu ya nyuma huanza kulegea, machela hayafikii tena. Mshushie kiota chini, na kwake naruhusu ile sahani ya plastiki inayopashwa kwenye maikrowevu, ifungwe kitambaa kinene, iwekwe kona moja tu ili akiona joto limezidi aondoke.

Pilau ana miaka miwili na nusu, na Mchuzi anamfuatia. Mwanangu anajua hesabu hiyo. Kachumbari ni mdogo wao, na huenda baridi ya mwakani imkute peke yake kizimbani, hana wa kubanana naye. Aliniuliza kama amletee mwenza mmoja mapema. Nikamwambia wawili, tena majike. Mtoto mmoja atamsumbua mkubwa mchana na usiku kwa michezo. Wakiwa wawili watachezeana wenyewe, usiku watakuja kumlalia. Awakutanishe taratibu, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupafanya pake, na wasihamie kizimba kimoja mpaka wazoeane. Alilalamika kwamba kwa mtindo huo hatamaliza kufuga panya maisha yake yote. Hilo nililikubali, nikamwambia afikirie kabla hajanunua.