Kabla ya Kununua Vipande, Iulize Fedha Kazi Yake



Juma lililopita tulipokea barua ya baba mmoja, mkulima wa kahawa. Yeye na mkewe wana watoto wanne. Msimu huu kahawa imewaendea vizuri, tena wameuza ng'ombe wawili, na sasa wana shilingi milioni tano mkononi. Mwana wao mkubwa, akaaye mjini, amewapigia simu: "Baba, fedha hizo msizilaze. Wekeni zote katika mfuko wa hisa, zikue." Mama hataki. Asema binti yao aanza chuo cha uuguzi mwezi wa kumi, na ada yake sharti itoke humo humo. Baba atuuliza ni nani aliye na haki, maana sasa nyumbani hapana amani.

Twamjibu hapa mbele ya wote, kwa kuwa huenda nawe msomaji una swali hilo hilo, hata kama fedha zako ni laki mbili tu.

Kwanza tufahamu mfuko wa namna hiyo ni kitu gani. Watu wengi hutoa fedha, kila mtu kadiri awezavyo, zikakusanywa pamoja. Wenye kazi hiyo huzinunulia hisa za makampuni mengi, au hatifungani, yaani mikopo ambayo serikali huomba kwa watu na kuilipia riba. Kila mtoaji hupewa vipande kwa kadiri ya fedha yake. Kampuni moja ikianguka, wewe huanguki nayo mzima mzima, maana ulikuwa na punje tu ndani yake.

Kuna mifuko ambayo vipande vyake huuzwa na kununuliwa katika soko la hisa mchana kutwa. Mmoja ulio mashuhuri sana ulianza Marekani mwezi wa Januari 1993, nao hufuata makampuni makubwa 500 ya huko. Soko la Nairobi lilipata mfuko wake wa kwanza wa jinsi hiyo mwaka 2017, nao ni wa dhahabu. Hapa Tanzania watu wengi wamezoea mifuko ya UTT, iliyo chini ya serikali. Vipande vyake hununui sokoni, bali kwa UTT yenyewe, na ukitaka fedha yako wao ndio wavinunuao tena. Njia za kununua si moja, lakini namna ya kuchagua ni ile ile: fedha hii naipa kazi gani, nami nitaitaka lini?

Wewe mfugaji walijua jambo hili tayari. Ndama jike humfugi kwa ajili ya maziwa ya kesho. Ng'ombe wa maziwa hutegemei azidi kuwa mkubwa. Na mahindi yaliyomo kihengeni hayazai wala hayakamuliwi, bali njaa ikija yapo.

Mfuko wa hisa ni ndama. Hukua, lakini huugua pia, na siku ya kuugua haitangazwi. Ule mfuko wa Marekani tulioutaja, uliokuwa juu mwezi wa Oktoba 2007, kufika mwezi wa Machi 2009 ulikuwa umepoteza zaidi ya nusu ya bei yake. Fikiri baba aliyeweka humo ada ya mtoto! Chuo hakingojei soko lipone. Angeuza kwa nusu bei, na hasara ile ingekuwa yake daima. Jirani yake aliyeweka fedha asiyoihitaji upesi, akatulia, aliiona bei ya zamani imerudi mwaka 2013. Mfuko ulikuwa mmoja, na soko moja. Tofauti yao ni ada tu. Hapa nchini, Mfuko wa Umoja, ulioanza mwaka 2005, huchanganya hisa na hatifungani, na fedha ya kukua kwa miaka mingi yaweza kukaa humo.

Mwenye kutaka kipato cha mara kwa mara hutafuta ng'ombe wa maziwa, yaani mfuko wenye kugawa gawio. Mfuko wa Jikimu, wa tangu mwaka 2008, ulianzishwa kwa kazi hiyo. Lakini yafaa kuhesabu kabla ya kushangilia. Tuseme mfuko umezaa shilingi kumi kwa kila mia kwa mwaka: milioni tano zitaleta laki tano, yaani elfu arobaini na kitu kwa mwezi. Ni msaada, si mshahara. Na mfuko ukijisifu kwa gawio kubwa kupita wenzake wote, uliza latoka wapi. Huenda wakugawia nyama ya ng'ombe mwenyewe ukidhani ni maziwa. Dhahabu nayo haigawi hata senti. Mwenye kuinunua angojea bei tu.

Wengi hudhani hatifungani hazina hatari kabisa. Sivyo. Riba mpya zikipanda, hatifungani za zamani zenye riba ndogo hushuka bei. Mwaka 2022 huko Marekani mifuko ya hatifungani ndefu za serikali ilipoteza karibu thuluthi nzima, na serikali haikukosa kumlipa mtu ye yote.

Kihenge ni mfuko kama wa Ukwasi, ulioanza mwaka 2013, ambao haununui hisa. Hukua polepole, na fedha hupatikana upesi. Fumbuzi wake ni bei za vitu dukani: zikipanda kuliko faida, fedha yatafunwa hata ikiwa salama.

Jambo la gharama husahauliwa sana. Milioni moja ikizaa nane kwa mia kila mwaka, baada ya miaka 20 ni karibu 4,660,000. Gharama zikila moja tu kati ya zile nane, utakuta karibu 3,870,000. Basi usione haya kuuliza, wala usikubali jibu la "ni kidogo tu, mzee."

Sasa baba yetu, mama ana haki juu ya ada. Fedha ya mwezi wa kumi, na nauli, na godoro la binti, iwekeni benki au katika Ukwasi, wala isiguswe. Tengeni pia ya ugonjwa na mbolea. Mkiisha kutoa hizo, labda zitabaki milioni mbili. Kwa hizo mwana ana haki, ziende kwenye kukua, mradi mwajua hamtazihitaji kwa miaka saba au kumi. Gawio msilitafute sasa. Mngali na nguvu za shamba. Litawafaa mkizeeka, na hapo mtahamisha vipande.

Na akija mtu mlangoni kuahidi kuzidisha fedha maradufu kwa miezi michache, mkumbuke ule mchezo wa kupanda mbegu uliozuiwa na serikali mwaka 2009. Wengi waliopanda hawakuvuna. Mfuko wa kweli una kibali cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na hauahidi faida ya namna hiyo.

Siku ya kujaza fomu nendeni wote wawili, mama naye asome kila mstari, na jina la mrithi liandikwe siku hiyo hiyo. Barua ya mama mwenye kuku wanaokufa tutaijibu juma lijalo.