Ukuta wa Hanbury Street

Mwaka 2012, kwenye ukuta wa Hanbury Street, mashariki mwa London, walichorwa vibopa wakicheza mchezo wa pesa, ubao wao umetandazwa juu ya migongo ya watu walio uchi. Pua za baadhi yao zilikuzwa vilevile Wanazi walivyozikuza pua za Wayahudi katika magazeti yao. Picha ilipotakiwa kufutwa, Jeremy Corbyn, mbunge wa chama cha Labour cha Uingereza, alimwandikia mchoraji maneno ya kumuunga mkono. Mwaka 2018, akiwa kiongozi wa chama, alisema anajuta kwamba hakuitazama vizuri.

Hakuitazama! Mtu aliyepinga ubaguzi maisha yake yote! Lau angechorwa Mwafrika mwenye mfupa puani, angempita hivihivi?

Huu ndio ugonjwa wetu, sisi wa mrengo wa kushoto. Marx alitufundisha kuuliza nani anamiliki kiwanda na nani anauza jasho lake. Anayeliacha swali hilo akamnyooshea kidole Myahudi hajaugusa ubepari hata kidogo, ameukinga. Mwenye nyumba anaendelea kukusanya kodi, wapangaji wanarushiana mawe.

Na mawe yalirushwa kweli. Luciana Berger, mbunge wa Labour wa Liverpool, Myahudi, alilindwa na polisi kwenye mkutano mkuu wa chama chake mwenyewe mwaka 2018. Mwaka uliofuata akakihama chama hicho. Oktoba 2020, Tume ya Usawa na Haki za Binadamu ya Uingereza ikasema chama kilivunja sheria kwa kuwanyanyasa na kuwabagua Wayahudi. Siku hiyohiyo Corbyn akasema ukubwa wa tatizo ulitiwa chumvi kwa sababu za kisiasa.

Nitaambiwa tunawatetea Wapalestina. Nami nawatetea, wala sitaacha. Lakini mama aliyezika wanawe Gaza anafaidika nini na hekaya za Rothschild, eti familia ya mabenki ya Kiyahudi inayoitawala dunia? Anayemtukana Myahudi kwa jina la mama huyo anawapa watesi wake fimbo ya kutuchapia sote.

Cable Street haiko mbali na ukuta ule. Tarehe 4 Oktoba 1936, washonaji wa Kiyahudi, makuli wa bandarini wenye asili ya Ireland na wakomunisti waliifunga barabara kwa miili yao, na mafashisti wa Uingereza, wafuasi wa Oswald Mosley, hawakupita. Machi 2018, Wayahudi walikusanyika tena, mbele ya Bunge. Safari hii waliokuwa wakilalamikiwa ni Labour, na miongoni mwa waliosimama pale walikuwamo wabunge wa Labour.