Ushindi Uandikiwe Timu, Si Mrushaji

Julai 7, 2009, mjini Denver, Alan Embree, mrushaji wa timu ya besiboli ya Colorado Rockies, aliitwa kurusha mpira katika awamu ya nane, timu yake ikiwa sare na Washington Nationals. Wapinzani wawili walikuwa wameshatolewa, na Austin Kearns alikuwa kituo cha kwanza, akinyemelea cha pili. Kabla ya kumrushia mpigaji hata mpira mmoja, Embree aligeuka akautupa kituo cha kwanza. Kearns akanaswa nje ya kituo, akatolewa, awamu ikaisha. Rockies wakapata pointi ya kuongoza, mwenzake Embree akaja kuufunga mchezo, na ushindi ukaandikwa kwa jina la Embree.

Miaka 50 kabla ya hapo, Mei 26, 1959, mjini Milwaukee, Harvey Haddix wa Pittsburgh Pirates aliwatoa wapigaji 36 mfululizo. Mchezo wa kawaida ni awamu 9. Yeye alimaliza 12 bila mpinzani hata mmoja kugusa kituo cha kwanza. Upande wa pili, Pirates walimpiga Lew Burdette, mrushaji wa Milwaukee Braves, mipira 12 iliyowafikisha vituoni, lakini hakuna aliyefanikiwa kuzunguka hadi nyumbani. Awamu ya 13 mlinzi wa Pirates, Don Hoak, alitupa mpira vibaya, Felix Mantilla akapata kituo, na baadaye Joe Adcock akaupeleka mpira nje ya uzio. Milwaukee Braves 1, Pirates 0. Haddix akaandikiwa kushindwa.

Utaratibu unaotoa hukumu hizi mbili bado unatumika leo katika ligi kuu ya Marekani. Kila mchezo lazima mrushaji mmoja aandikiwe ushindi na mwingine kushindwa. Aliyeanza mchezo hapewi ushindi mpaka amalize awamu 5 na aondoke timu yake ikiongoza, na uongozi huo usipotee tena. Akitoka mapema zaidi, karani rasmi wa mchezo huchagua mrushaji wa akiba anayeona alifanya kazi nzuri kuliko wengine. Uongozi ukipotea, hesabu inaanza upya, na anayenufaika ni yule aliyekuwa zamu wakati wenzake walipopata pointi ya kuongoza hadi mwisho. Ndiyo maana mrushaji wa akiba anaweza kuingia timu ikiongoza, akaharibu, wapinzani wakasawazisha, kisha wenzake wakamwokoa kwa kufunga, na ushindi ukawa wake. Aliyehangaika awamu saba kuulinda uongozi huo anarudi nyumbani mikono mitupu.

Maoni yetu ni kwamba hesabu hii haina nafasi tena katika kumpima mrushaji. Ushindi unahitaji pointi, na mrushaji hafungi. Ni sawa na kumpima kipa kwa magoli ya washambuliaji wake.

Besiboli yenyewe ina kipimo kinacholifahamu hilo, nacho ni wastani wa pointi anazoruhusu mrushaji kwa kila awamu 9. Wastani huo hauhesabu pointi zilizotokana na makosa ya walinzi. Yaani mchezo ulishakubali zamani kwamba si haki kumbebesha mtu makosa ya wenzake. Lakini kwenye ushindi, makosa hayo na ukame wa wapigaji wake vyote vinamwangukia yeye.

Kwa miaka mingi gharama ya mkanganyiko huu ililipwa kwenye tuzo ya Cy Young, ambayo waandishi wa besiboli humpigia kura mrushaji bora wa kila ligi. Mwaka 1990 Bob Welch wa Oakland Athletics alipata ushindi 27, akapewa tuzo. Wastani wake ulikuwa 2.95. Roger Clemens wa Boston Red Sox alikuwa na 1.93, takriban pointi moja pungufu kila mchezo, lakini alikuwa na ushindi 21 tu. Welch alikuwa na Rickey Henderson, Jose Canseco na Mark McGwire wakimpigia, katika timu iliyoshinda michezo 103. Waandishi walitazama kazi ya hao wote, wakampa Welch zawadi.

Miaka mitatu kabla, Nolan Ryan wa Houston Astros alikuwa na wastani bora kuliko wote katika ligi yake, 2.76, akawatoa wapigaji 270 kwa straiki tatu, idadi iliyowazidi wote pia. Rekodi yake ilisomeka ushindi 8, kushindwa 16. Tuzo hakuipata.

Kura zilianza kubadilika polepole. Mwaka 2010 Felix Hernandez wa Seattle Mariners alichukua tuzo kwa ushindi 13 na kushindwa 12, mbele ya CC Sabathia aliyekuwa na ushindi 21. Kisha mwaka 2018 ukaja ushahidi ambao haukuacha cha kubishania. Jacob deGrom wa New York Mets alimaliza msimu na wastani wa 1.70 na wapigaji 269 aliowatoa kwa straiki tatu. Mechi 24 za mwisho mfululizo alirusha angalau awamu 6 bila kuruhusu zaidi ya pointi 3. Pamoja na yote hayo, alikuwa na ushindi 10 na kushindwa 9, kwa sababu Mets walikuwa hawapigi. Kati ya wapiga kura 30, waandishi 29 walimweka wa kwanza. Walifanya sawa.

Kuna wanaosema ushindi hupima kitu ambacho takwimu nyingine hazikioni, yaani moyo wa kushinda na ujuzi wa kurusha kulingana na matokeo yalivyo. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: zamani hoja hii ilikuwa na uzito. Cy Young mwenyewe, aliyeshinda mara 511, alianza michezo 815 na kuimaliza 749 bila kubadilishwa. Mwaka 1972 Steve Carlton alishinda 27 kati ya michezo 59 tu ambayo Philadelphia Phillies walishinda mwaka mzima, na michezo 30 aliimaliza mwenyewe. Mtu wa namna hiyo akisema mchezo ni wake, nani atambishia? Na katika maisha marefu ya uchezaji bahati nzuri na mbaya hukaribiana. Walio juu kabisa kwenye orodha ya ushindi wa wakati wote hawakufika pale kwa kubahatisha.

Kazi yenyewe, hata hivyo, imebadilika. Makocha wanajua kwamba mpigaji akikutana na mrushaji yuleyule kwa mara ya tatu katika mchezo mmoja, huwa ameshamsoma na humpiga vizuri zaidi. Kwa hiyo anayeanza huondolewa awamu ya tano au ya sita hata kama anarusha vizuri, na watatu au wanne humalizia. Anayeondolewa akibakiza mpinzani mmoja tu kumaliza awamu ya tano, timu yake ikiongoza kwa pointi sita, hapewi kitu. Kanuni iliyotungwa kwa kazi ya mtu mmoja sasa inagawa sifa za watu watano, kisha inamkabidhi zote mmoja wao.

Je, hili lina maana nje ya ubishi wa mashabiki? Lina maana, maana kuna fedha. Kwa mkataba wa mwaka 2022 kati ya ligi na chama cha wachezaji, ulianzishwa mfuko wa dola milioni 50 kwa mwaka kwa ajili ya vijana ambao bado hawajafikia hatua ya kudai mshahara mkubwa. Kijana anayetwaa tuzo ya Cy Young huchukua dola milioni 2.5 kutoka mfuko huo. Kura iliyopigwa kwa mazoea ya mwaka 1990 leo ingemnyang'anya mtu jasho lake.

Mtangazaji Brian Kenny amefanya kampeni ya miaka mingi akitaka hesabu hii ifutwe kabisa. Sisi hatufiki huko. Ya kale yabaki vitabuni yalivyo, kwani kumfutia Cy Young 511 zake hakumsaidii mtu. Tunachotaka ni kwamba ligi iache kumlazimisha karani kutafuta mshindi mmoja kila usiku, na iandike ushindi na kushindwa kwa jina la timu, basi. Mpaka ifanye hivyo, mpiga kura wa tuzo aifumbie macho safu ya ushindi anapojaza karatasi yake, na kocha au wakala anayeingia nayo kwenye meza ya mshahara aulizwe swali moja: mrushaji huyu alifunga pointi ngapi?