Waroho Wakipita, Simu Juu

Jumapili iliyopita Waroho walipita hapa tao Kakamega, kanzu nyeupe, msalaba mwekundu kifuani, ngoma inalia. Wa kwanza kutoa simu awachukue video akicheka? Msee wa kwaya yetu, Biblia kwapani. "Hao si Wakristo, ni mapepo tu."

Ushawahi kujiuliza wametoka wapi? Si mbali, ni hapo Kaimosi. Mwaka wa 1927 waumini wa Friends, wale tunaita Quaker, walianza kutetemeka wakiomba, wakinena kwa lugha, wakitubu dhambi hadharani. Wakubwa wa kanisa hawakutaka kusikia. Wakafukuzwa, wakaanza ibada zao.

Sasa sikia hii. Jina Quaker lenyewe lilianza kama matusi. Uingereza, miaka ya 1650, watu waliwaita hivyo, yaani watetemekaji, kuwacheka tu. Wengine wakatupwa jela kwa sababu ya imani yao. Halafu karibu miaka 300 baadaye, kanisa la watetemekaji linafukuza watu kwa kutetemeka! Manze.

Na sisi tunaendeleza. Mkatoliki anaabudu sanamu, Msabato amepotea, dada wa suruali hajaokoka. Ni nani alitupa hii kazi ya kukagua?

Kukhu alipofariki, majirani zetu Waroho ndio walikesha nasi matangani, wakiimba hadi kukapambazuka. Kwaya yetu ilituma emoji za machozi kwa grupu.

Hiyo video bado iko. Nimemwambia msee afute, akanijibu eti nimepoa kiroho.