Sheria inaijua kafala. Fomu ya ofisini je?

Mwaka jana, siku chache baada ya shule kufunguliwa, jirani yangu alinigongea mlango asubuhi akaniomba nimsindikize kwenye ofisi ya watoto. Ni mama wa makamo, muuza mahamri na mbaazi, na nyumbani kwake anaishi kijana wa miaka tisa ambaye mtaa mzima tunamjua kuwa ni mwanawe. Si wa kumzaa. Ni mtoto wa mdogo wake, aliyefariki akimwacha bado ananyonya. Baba alikwenda kutafuta maisha ng'ambo na tangu hapo hakusikika. Mama huyu alimchukua mtoto hata kabla ya hitma, akamlea pamoja na wanawe, akampeleka chuo, akampeleka shule. Hakuna aliyeandika chochote. Nani huandika mambo kama hayo?

Shida ilikuja shule ilipotaka cheti cha kuzaliwa. Tulikwenda kwa chifu, chifu akatuelekeza ofisi ya watoto kwanza. Tukakaa foleni tangu saa mbili. Afisa alikuwa mmoja tu, na mbele yetu walikuwa kina mama wengi, karibu wote wakidai matumizi kwa baba za watoto wao. Zamu yetu ilipofika, afisa, kijana mwenye adabu zake, akauliza:

"Mama, huyu mtoto ametupwa?"

"Astaghfirullah! Ametupwa na nani? Niko naye mimi tangu ananyonya."

"Kuna mtu anamtesa? Ananyimwa chakula?"

"Hapana, mwanangu. Mtazame, amenenepa kunishinda mimi."

"Basi mama, itabidi nifungue kesi, na kesi lazima iwe na aina. Nichague moja kati ya hizi."

Jirani yangu aliposikia neno kesi alichukua mkoba wake na mtoto wake, akatoka. Nje akaniambia, "Ndugu yangu, mimi sikuja kumshtaki mtu." Nikajaribu kumweleza kwamba kesi ya pale si kesi ya kortini, ni faili tu. Hakunielewa, na kusema kweli sikumlaumu. Kwa Kiswahili chetu kesi ni kizimba, wakili na jela. Waliotafsiri kazi hii ya kusimamia habari za mtoto wakaiita "usimamizi wa kesi" hawakumfikiria muuza mahamri.

Nimeianza makala na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo mikutano ya Nairobi haioneshi. Kenya ina sheria nzuri ya watoto, na ina mfumo wa kompyuta wa kuwekea kumbukumbu zao. Viwili hivyo havijakaa kitanda kimoja.

Tuanze na sheria. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 iliifuta ile ya 2001, na ndani yake kuna jambo ambalo Waislamu wa nchi hii walilisubiri kwa muda mrefu. Kwa jina lake hasa, sheria inaitambua kafala, ambayo yenyewe inaiandika kafaalah: mtu wa dini ya Kiislamu kumchukua mtoto aliyekosa malezi ya wazazi na kumtunza. Inatambua pia malezi ya jamaa, yaani mtoto kulelewa na bibi, shangazi, mjomba au ami. Mkakati wa Taifa wa Mageuzi ya Malezi, wa 2022 hadi 2032, unakwenda mbali zaidi: unataka watoto watolewe kwenye makao ya watoto na kurudishwa kwenye familia, na familia zisaidiwe ili mtoto asifike kwenye makao hapo mwanzo. Kwa sisi wa pwani, hayo si mageuzi. Ni mambo ya bibi zetu yaliyotiwa muhuri.

Msomaji anaweza kuuliza, si kuna kuasili mtoto mahakamani? Ipo, lakini si kitu kimoja na kafala. Anayeasili mtoto kwa sheria ya nchi humfanya wake kabisa: jina, nasaba na urithi. Katika kafala mtoto hubaki na nasaba ya baba yake, harithi kwa mlezi kama mtoto wa kuzaliwa, ila mlezi anaweza kumuusia hadi theluthi ya mali yake. Mlezi anajua mipaka, mtoto anajua asili yake. Ukimwandikia mtoto wa kafala kwamba ameasiliwa, umemharibia nasaba kwenye karatasi. Ukiandika kwamba ametelekezwa, umemsingizia mlezi. Na usipoandika kitu, serikali haimjui.

Sasa tuje kwenye mfumo. Unaitwa kwa kifupi CPIMS, nao uko chini ya Idara ya Huduma za Watoto. Mtoto anapofikishwa kwa afisa, afisa hujaza habari zake kwenye fomu, kisha zinaingizwa kwenye kompyuta: jina, umri, mahali, tatizo, nani amemleta, hatua gani imechukuliwa. Wazo lenyewe ni zuri. Zamani faili la mtoto lilikuwa kwenye kabati, na afisa akihamishwa, kumbukumbu huhama kichwani mwake. Mtoto aliyepotea Malindi na kupatikana Likoni alianza upya kama vile hajawahi kuzaliwa.

Lakini mfumo wa namna hii hujengwa kuanzia kwenye madhara. Unauliza mtoto amefanywa nini. Hauanzi kwa kuuliza yuko na nani na anahitaji nini ili aendelee kubaki hapo. Ndipo afisa yule mwenye adabu akajikuta anatafuta kosa katika nyumba isiyo na kosa. Hakuwa mkaidi. Fomu ndiyo iliyomwamuru. Na hapa ndipo naona hatari kubwa kuliko zote: sheria husomwa na wachache, fomu hujazwa kila siku. Kisichokuwa na nafasi kwenye fomu, polepole huwa hakimo hata kwenye sheria.

Athari zake si za maandishi tu. Fedha za serikali hufuata majina. NEMIS ya Wizara ya Elimu ilipoanza kutumika, mgao wa mwanafunzi ulikwenda kwa aliyesajiliwa, na kusajiliwa kulihitaji namba ya cheti cha kuzaliwa. Walimu wakuu wengi wa huku pwani wanakumbuka madarasa yaliyokuwa na watoto wengi kuliko majina. Inua Jamii nayo, inayolipa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya zinazolea mayatima na watoto walio hatarini, huhitaji mlezi anayejulikana kwa maandishi. Jirani yangu amelea yatima miaka tisa na hajawahi kupata hata ndururu, kwa sababu kwa serikali yatima huyo hayupo.

Kuna na upande wa pili, na nisipousema nitakuwa nimeisifu jamii yangu kwa uongo. Si kila "mtoto wa ndugu yangu" ni mtoto wa ndugu. Tunawajua wasichana wanaoletwa mjini kutoka vijijini kwa jina la kulelewa na jamaa, kisha wanaamka kabla ya adhana ya alfajiri kuosha vyombo, na shule wanaisikia kwa majirani. Tunayajua na mambo mazito zaidi, mtoto kuharibiwa na mtu wa karibu, wazee wakakaa kikao wakamalizana kwa fedha na dua, jina la ukoo likasitiriwa. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 hairuhusu kumalizana huko, na sitara ya dini yetu haikuwekwa kumfunika mdhalimu. Kwa hiyo sisemi serikali ikae mbali na nyumba zetu. Nasema iingie kwa mlango ambao mlezi mwema hatauogopa, kwa sababu mlezi mwema akikimbia, ofisini hubaki na habari za waliokwisha kuumia tu.

Na kuumia kwenyewe wakati mwingine hujulikana kaburini. Shakahola, mwaka 2023, hapa hapa Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na miongoni mwao watoto wengi. Baadhi walikuwa wameachishwa shule kwa mafundisho waliyopewa wazazi wao. Shule ina rejista, chifu ana wazee wake, idara ya watoto ina kompyuta yake. Mtoto anapokosa shule muhula mzima, habari hiyo ilipaswa kusafiri kutoka daftari moja hadi jingine bila kungoja mtu apige ripoti. Mfumo unaongoja kuletewa mtoto hautamwona yule aliyefichwa msituni.

Nani asafirishe habari hiyo? Kompyuta haitembei. Kisiwa kama Pate, ama vijiji vya ndani ya Tana River, afisa wa watoto akitaka kufika anahesabu mashua, mafuta na siku. Wanaofanya kazi ya kila siku ni wazee wa nyumba kumi na wale kina mama wa kujitolea, ambao wengi hawana posho, wala simu yenye kifurushi. Mambo mengine yaliendeshwa na fedha za wafadhili. Marekani, kupitia USAID, ilikuwa imebeba sehemu kubwa ya kazi ya mayatima na watoto walio hatarini, pamoja na kuujenga huo mfumo wenyewe. Mwanzoni mwa 2025 misaada ikasitishwa, na kufikia Julai shirika lenyewe likafungwa. Kama kumbukumbu za watoto wetu ni kazi ya serikali, basi zinapaswa kuwa na kifungu chake kwenye bajeti ya serikali. Waheshimiwa wetu wa pwani wanapopiga kelele za bandari, na ni haki yao, waulizwe na hili pia.

Jambo moja zaidi linalowatia watu hofu, na hofu yao si ya kijinga. Mitaa yetu ni midogo. Anayeingiza data huenda ni binti wa jirani. Habari kwamba mtoto fulani alinajisiwa zikitoka kwenye skrini hadi kundi la WhatsApp, msichana huyo ameolewa na fedheha maisha yake yote. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka habari za mtoto zitumike kwa manufaa ya mtoto, na Katiba katika kifungu cha 31 inalinda faragha ya kila mtu. Basi mlezi aambiwe, kwa Kiswahili, kabla ya kujibu swali la kwanza: haya unayosema yataonwa na nani, na hayataonwa na nani. Sijawahi kusikia afisa akiyasema hayo. Pengine ninyi mmesikia.

Ninalolipendekeza si kubwa. Fomu ianze na "mtoto yuko na nani", na chini yake kafala na malezi ya jamaa ziandikwe kwa majina yake, kama sheria ilivyoziandika. Kuwe na namna ya kumsajili mtoto aliye salama bila ya kumtafutia aina ya madhila, kisha afisa au mtu wake apite mara moja moja kumjulia hali. Huko kumjulia hali ndiko kutakakomfichua yule anayeosha vyombo. Neno kesi liachiwe korti. Faili linatosha, kila mtu analijua. Na kamati za ushauri wa watoto zilizowekwa na sheria katika kaunti ziwaite walimu wa madrasa na maimamu wakae mezani, si kwa ajili ya kufungua kikao kwa dua tu, bali kwa sababu wao ndio wanaojua nani amemchukua mtoto wa nani baada ya maziko.

Na sisi pia tuna deni. Nimewasikia masheikh wakisema kafala ni jambo la thawabu, halina haja ya karatasi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Ikiwa fedha za kukopeshana zinaandikwa, kumchukua mtoto wa marehemu kwa maisha yake yote hakuandikwi kwa hoja gani? Msikiti ambao una daftari la ndoa hauwezi kushindwa kuwa na daftari la walezi, nakala ikaenda kwa kadhi na nakala kwa afisa wa watoto. Hilo halihitaji kungoja Nairobi.

Jirani yangu alirudi ofisini mwezi wa Shaabani, baada ya mimi na imamu wetu kumbembeleza sana. Safari hii alimkuta afisa mwingine, wa kwanza alikuwa amehamishwa, na ilibidi kisa kielezwe upya tangu mwanzo kwa sababu siku ile ya kwanza hakikuandikwa kitu. Intaneti haikuwepo, kwa hiyo fomu ilijazwa kwa kalamu. Faili limefunguliwa. Cheti cha kuzaliwa bado tunakingoja. Niliichungulia fomu ile begani mwake wakati anatia sahihi: pale pa uhusiano wa mtoto na mlezi, afisa alikuwa ameandika "mengineyo".